Maria Montessori: Mwalimu Aliyemwamini Mtoto

Wahenga walituusia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Maria Montessori, aliyezaliwa Chiaravalle, Italia, mwaka 1870, aliufuata wasia huo kwa njia ya pekee: hakumkunja mtoto, bali alimwachia ajikunje mwenyewe. Baada ya kuhitimu utabibu katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mwaka 1907, kwa ajili ya wana wa wafanyakazi maskini.

Katika mbinu yake, mtoto humimina nafaka kutoka jagi moja hadi jingine, kisha maji. Vyombo ni vya kauri au kioo, navyo huvunjika. Ndipo mkono hujifunza uangalifu. Akimwaga, hupangusa mwenyewe bila kukemewa.

Anayelelewa hivyo si rahisi kuburutwa. Mussolini, aliyewahi kuzifadhili shule hizo, alizifunga baada ya Montessori kukataa kuutumikia ufashisti. Aliihama Italia, akawafunza walimu nchini India kuanzia 1939, na kufariki Noordwijk, Uholanzi, mwaka 1952. Jagi lile dogo lingali mikononi mwa watoto, Kenya ikiwemo.