Daktari wa kila ugonjwa

Mwanao daktari anaomba nafasi ya kusomea ubingwa wa tiba ya familia, nawe unanung'unika: kwa nini asichague moyo au mifupa? Mfikirie Dk. Leader Stirling.

Mwingereza huyu, aliyezaliwa 1906, alifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935. Kule Masasi na Lulindi hakuwa na bingwa wa kumpelekea mgonjwa. Mjamzito aliyeshindwa kujifungua, mtoto mwenye malaria, jipu, mguu uliovunjika: wote walikuwa wake, katika hospitali iliyoanza na kuta za udongo na paa la nyasi. Baadaye alihamia Mnero, Nachingwea, mkoani Lindi. Kote huko alifundisha wauguzi, kazi ambayo kwangu ni kubwa kuliko Uwaziri wa Afya alioushika 1975 hadi 1980. Alifariki 2003, akiwa raia wa Tanzania.

Leo tiba ya familia ina masomo yake baada ya shahada, mfano Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam. Nawe mkazi wa Kilwa Masoko, usiku homa ya mtoto ikipanda, ungependa kumkuta daktari yupi zamu?