Naismith: Mwasisi wa kikapu aliyepambana na mabavu

WAPENZI wa mpira wa kikapu wanaifahamu vyema filimbi inayopulizwa pale mchezaji anapogongwa mkono akiwa katika harakati za kufunga. Mpira ukiingia, kikapu huhesabiwa na mfungaji huongezewa mtupo mmoja huru. Ukikosa, hupewa mitupo miwili, au mitatu iwapo alirusha kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu.

Haki hiyo ina historia ndefu, na mwanzo wake ni Dk. James Naismith, ingawa si yeye aliyeifikisha hapo ilipo leo.

Naismith alizaliwa Novemba 6, 1861, karibu na mji wa Almonte, Kanada. Mwaka 1870 wazazi wake wote wawili walifariki dunia kwa homa ya matumbo, akabaki mikononi mwa ndugu wa mama yake. Alisoma Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, kisha akasomea theolojia, huku akicheza raga kwa bidii iliyowakera baadhi ya wanatheolojia wenzake. Waliona haimpasi mtumishi wa Mungu.

Mwishoni mwa mwaka 1891, akiwa mwalimu katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Marekani, mkuu wake, Luther Gulick, alimtaka abuni mchezo wa ndani wa majira ya baridi. Darasa lenyewe lilikuwa la vijana 18 waliokwisha kuwashinda walimu wawili.

Naismith alitafakari kwa nini michezo mingine huumiza watu. Aliona kwamba mtu akikimbia na mpira hana budi kukabwa, na kwamba lango lililo usawa wa ardhi hualika mashuti ya nguvu. Hivyo alitundika vikapu vya matunda futi 10 juu, ili mpira urushwe kwa tao na shabaha ichukue nafasi ya nguvu.

Hata hivyo, vijana hawakuwa malaika. Katika mahojiano ya redio ya mwaka 1939 alisimulia kuwa jaribio la awali liligeuka vurugu ya ngumi na mateke, akalazimika kuwatenganisha na kuongeza sheria, hasa ile ya kukataza kukimbia na mpira.

Sheria zake 13, zilizochapishwa Januari 1892, ziliweka waamuzi wawili: mmoja wa kuutazama mpira, mwingine wa kuwatazama watu. Kusukuma, kushika, kupiga ngwala au kupiga kulihesabiwa kuwa madhambi. Aliyerudia mara ya pili alitolewa nje hadi kikapu kingine kifungwe. Aliyekusudia kujeruhi alitolewa kwa mchezo mzima, bila mtu wa kuingia badala yake.

Kasoro ilikuwa hapa: timu ilizawadiwa bao pale tu wapinzani walipofanya madhambi matatu mfululizo. Aliyeangushwa akikaribia kufunga hakupata chochote papo hapo. Mtupo huru uliokuja miaka michache baadaye ulilirekebisha hilo, lakini kwa muda mrefu timu zilimchagua mtaalamu wao mmoja wa kuupiga. Ni katika msimu wa 1923-24 ndipo sheria za Marekani zilipomtaka aliyefanyiwa madhambi apige mwenyewe.

Naismith alipata shahada ya udaktari wa tiba mwaka 1898, akahamia Chuo Kikuu cha Kansas. Huko alifundisha kikapu, akashinda mechi 55 na kupoteza 60. Ajabu ni kwamba mwasisi wa mchezo ndiye kocha pekee katika historia ya chuo hicho aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Inaelekea matokeo hayakumnyima usingizi. Alijali zaidi tabia na afya za vijana.

Mwaka 1936 alishuhudia kikapu kikichezwa katika Olimpiki ya Berlin. Fainali ilichezwa nje, mvua ikinyesha, na Marekani ikaifunga Kanada, nchi aliyozaliwa, 19-8.

Alifariki dunia Novemba 28, 1939, mjini Lawrence, Kansas, akiwa na umri wa miaka 78.