MAISHA YA WATUMISHI WA MUNGU: APOLO KIVEBULAYA WA BOGA



Wengi wetu hapa Bunia tunashindwa vita kabla ya kuianza. Kijana anasema hatapata diploma. Mama anasema biashara yake haitasimama. Mkimbizi anasema hatajenga tena. Kinywa kikisha kukata hukumu, mikono nayo inalegea. Basi tutazame maisha ya mzee mmoja aliyefanya kazi katika Ituri yetu hii.

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alivuka mto Semliki akaja Boga kufundisha Neno. Walimu waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa sababu ya taabu. Yeye naye hakuwa na mali wala cheo, na shefu Tabaro hakumtaka.

Siku moja dada ya shefu aliangukia mkuki uliokuwa katika majani, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba ameua. Akapigwa, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani.

Humo gerezani alimwona Bwana Yesu katika njozi, aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa sababu yuko pamoja naye. Angalieni vema, ndugu: habari haisemi kwamba milango ilifunguka yenyewe kama siku ile ya Petro. Kilichofunguka kwanza ni moyo wake. Alipoachiliwa hakukimbilia kwao Buganda. Alirudi Boga, kwa watu wale wale, na Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa.

Mwaka 1903 Apolo akawa kasisi. Alipofikia miaka 50 hivi, umri ambao wengine wanatafuta kiti cha kupumzikia, alirudi tena Boga, akaingia katika pori kubwa kwa Wambuti, watu ambao wengi waliwadharau. Akawafundisha, akawabatiza.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika Mkristo kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa pori, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Na kweli haikuishia kaburini: mwaka 1972 Boga ikawa makao ya askofu, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi yetu wakawa jimbo kamili.

Ndugu, kujiamini kwa mtu wa Mungu si kujivuna. Ni kumjua Yeye aliyekutuma, kisha kuuambia moyo wako maneno ya imani, kisha kushika jembe. Anayeomba bila kulima atalala njaa, na anayelima huku akisema haitaota atachoka kabla ya mavuno.

Juma hili, kila mmoja ataje mbele za Mungu jambo moja aliloliacha kwa hofu. Halafu asimame, arudi Boga yake.

Bwana awabariki. Amina.