Rudolf Diesel: Mtu aliyeacha jina lake kwenye dumu la mafuta

Ukiwa Kilosa au Mikumi, neno dizeli unalisikia kila siku. Lipo kwenye mashine ya kusaga, kwenye pampu ya kumwagilia bustani, na kwenye malori yanayopita Mikumi kuelekea Iringa na Zambia. Wengi tunalijua kama jina la mafuta tu. Kumbe ni jina la mtu, na leo tunawasimulia maisha yake, kwa sababu kilichomsumbua yeye ndicho kinachozima mashine nyingi hadi leo.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858, kwa wazazi Wajerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kazi za ngozi. Mwaka 1870 vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Ujerumani, familia ililazimika kuhamia London. Rudolf, akiwa na miaka 12, akapelekwa kuishi na ndugu mjini Augsburg, Ujerumani. Akasoma kwa bidii, na mwaka 1880 akahitimu uhandisi mjini Munich kwa alama za juu kabisa.

Darasani alijifunza kwamba injini za mvuke za wakati ule zilipoteza sehemu kubwa mno ya joto la makaa ya mawe. Tena zilikuwa kubwa na ghali, mali ya matajiri wenye viwanda. Diesel alitaka injini ambayo hata fundi mdogo angeweza kuimudu, asimezwe na viwanda.

Wazo lake unaweza kulielewa kwa pampu ya baiskeli: ukijaza upepo, pampu inapata moto. Hewa ikibanwa sana huwa ya moto kiasi kwamba mafuta yakirushwa ndani yake yanawaka yenyewe, bila plagi wala kiberiti. Mwaka 1893 alipata hataza ya wazo hilo. Agosti mwaka huohuo akajaribu injini ya kwanza kiwandani Augsburg. Mafuta yaliwaka kwa kishindo, kipimo cha presha kikapasuka. Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa dakika moja hivi. Ilichukua miaka mitatu zaidi kabla ya kufaulu. Ilipopimwa mwaka 1897, ilitumia asilimia 26 hivi ya nishati ya mafuta kufanya kazi, zaidi ya maradufu ya injini za kawaida za mvuke.

Kilichomchelewesha hasa kilikuwa kufikisha mafuta ndani ya silinda. Hewa iliyobanwa inasukuma nje kwa nguvu nyingi, hivyo mafuta lazima yaje na nguvu kuishinda. Yaingie kidogo, kwa wakati wake, yakiwa kama ukungu. Diesel alijaribu kuyasukuma kwa pampu peke yake, ikashindikana. Akaamua kuyapuliza kwa hewa ya mgandamizo, na hiyo ikadai kompresa kubwa pembeni. Injini ikawa na kimo cha mita tatu hivi. Ilifaa kiwandani, na baadaye kwenye vyombo vya majini. Mwaka 1912 meli ya Denmark, Selandia, ilivuka bahari kwa injini za dizeli. Lakini fundi mdogo aliyekusudiwa hakuweza kuinunua.

Diesel alipata utajiri, kisha akaupoteza katika biashara mbaya na kesi. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Antwerp kwenda Uingereza. Alikula chakula cha jioni, akaagiza aamshwe asubuhi, akaingia chumbani. Asubuhi hakuwamo. Siku chache baadaye mwili wake ulionekana baharini. Alikuwa na miaka 55 na madeni makubwa. Kama alijitosa, alianguka au alisukumwa, halijathibitishwa hadi leo.

Kitendawili cha mafuta kilifumbuliwa na wengine. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma dizeli hadi kwenye nozeli. Kompresa ikaondoka, injini ikapungua, ikaingia kwenye lori, kwenye boti na kwenye kibanda cha kusagia unga.

Kwa hiyo mashine yako ikikataa kuwaka, kumbuka mahali Diesel alipokwama. Izungushe uangalie bomba la moshi. Kama hakuna moshi kabisa, huenda mafuta hayafiki. Anzia kwenye tanki kabla ya kufungua pampu. Je, dizeli imo, na koki imefunguliwa? Tundu la kupumulia kwenye kifuniko limeziba? Chini kuna maji au matope? Kisha angalia filta na viungo vya mipira, maana penye ufa mdogo mashine huvuta hewa. Hewa ikiingia, pampu inabana hewa badala ya kusukuma mafuta. Legeza skrubu ya kutolea hewa karibu na filta, acha mafuta yatoke mpaka mapovu yaishe, kisha kaza. Usiweke kidole mbele ya nozeli inayorusha: presha yake hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbiza hospitali hata kama tundu ni dogo.

Mwenye boti Kigoma au Kilwa hufuata njia hiyohiyo, ila kwake filta iliyoziba humwacha katikati ya maji, mbali na fundi. Kwako wewe ni foleni ya akina mama wenye ndoo za mahindi. Dizeli safi, iliyochujwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na kuachwa ituame kabla ya kumiminwa, inaokoa siku ya kazi kwa wote wawili.