Panum, munganga aliyehesabu siku za surua

Kwenye bandari ya Kalundu watu wanajua kwamba boti haileti mizigo tu. Abiria wakishuka kutoka Baraka, Kalemie ao Kigoma, magonjwa nayo yanaweza kushuka pamoja nao. Kwa upande wa surua, aliyelionyesha jambo hilo wazi ni munganga wa Denmark, Peter Ludvig Panum, na alijifunza mengi kutoka kwa wavuvi.

Panum alizaliwa mwaka wa 1820. Alikuwa bado kijana wa miaka 25 wakati serikali ya Denmark ilipomtuma, mwaka wa 1846, kwenye visiwa vya Faroe, katika bahari baridi ya kaskazini, pamoja na mwenzake August Manicus. Surua ilikuwa haijaonekana kule tangu 1781, miaka 65 mizima. Sasa fundi mbao mmoja alitoka Copenhagen mwezi wa 3, akafika akiwa mzima, na siku chache nyuma akalala. Kwa watu 7,782 wa visiwa vile, zaidi ya 6,000 waligonjwa ndani ya miezi michache, wazee kwa watoto. Zaidi ya mia moja walikufa.

Wakati ule waganga wengi waliamini surua inazaliwa na hewa mbaya. Panum hakukaa kubishana. Alitembea kijiji kwa kijiji akiuliza: nani aligonjwa kwanza, alikutana na nani, siku gani? Jibu zuri kuliko yote lilitoka Tjørnuvík. Wanaume 10 wa pale walipanda boti tarehe 4 mwezi wa 6, wakaenda Vestmanna kuvua nyangumi katikati ya watu wengi. Tarehe 18, wote 10 wakatoka vipele. Siku 14 kamili. Na vijiji vilivyokataa wageni kuingia viliponea, ingawa hewa ilikuwa ile ile.

Aliwatafuta pia wazee waliougua surua mwaka wa 1781. Alipata 98, na hata mmoja hakuishikwa tena.

Jambo moja lilimponyoka. Alifikiri mgonjwa anaambukiza vipele vikitoka. Leo inajulikana kwamba anaanza karibu siku 4 mbele, wakati ana homa, kikohozi, mafua na macho mekundu tu. Ndiyo maana mtoto anayekohoa ndani ya boti anaweza kuacha surua bila mtu kushuku.

Dawa ya kuua surua yenyewe Panum hakuwa nayo, na mpaka leo haipo. Kinachookoa ni matunzo, na hapo ndipo watoto wengi wanapotea bure. Kuna wazazi wanaongojea vipele vitoke vyote kwanza, juu wameambiwa sindano itavirudisha ndani na kumuua mtoto. Si kweli. Wakati wanangoja, surua inashusha nguvu za mwili, na mapafu na tumbo vinaharibika. Wengine wanamnyima samaki na nyama, ao hawamuogeshi. Mtoto huyo anahitaji kula, hata kidogo kidogo mara nyingi, kunyonya kama bado ananyonya, kunywa maji safi na SRO akiharisha, na kuogeshwa. Mafuta ya mawese ni mazuri ndani ya chakula. Kwenye macho usitie mawese, maziwa ya mama, wala maji ya majani: macho yanasafishwa kwa kitambaa safi na maji safi.

Kituo cha afya kinampa vitamini A, mara moja siku ile na tena kesho yake, kipimo kulingana na umri. Inapunguza vifo na inalinda macho yasipofuke. Mtoto akipumua mbio, akishindwa kunywa, akipatwa na degedege ao jicho likiwa na kidoa cheupe, asingoje asubuhi.

Panum alirudi Ulaya, akafundisha Kiel, kisha Copenhagen tangu 1864, na chuo kikuu cha kule kina jengo lenye jina lake. Alikufa 1885, miaka 78 mbele ya chanjo ya kwanza ya surua kuruhusiwa, mwaka wa 1963. Hata na chanjo hiyo, kati ya mwanzo wa 2019 na mwezi wa 1 wa 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000 hapa Kongo, wengi wao watoto. Dozi ya kwanza inatolewa mtoto akifikisha miezi 9.