UMAR BIN ABDUL-AZIZ NA UZITO WA AMANA

Umar bin Abdul-Aziz, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa katika Bani Umayya, na kwa upande wa mama ni kitukuu cha Sayyidna Umar bin Khattab. Ujana wake ulikuwa wa neema. Alivaa nguo za thamani, na njia aliyopita ikajulikana kwa manukato yake. Alipokuwa liwali wa Madina, tangu mwaka 87 Hijra (706) hata 93 (712), watu walimjua kwa mwili wa siha na uso wenye nuru.

Mwezi wa Safar mwaka 99 (717) akafa Khalifa Sulaiman bin Abdul-Malik huko Dabiq, katika nchi ya Sham. Ukasomwa wasia wake, na jina lililotoka ni la Umar, ilhali mwenyewe hakuutaka ukhalifa. Baada ya maziko alitaka kulala kidogo kwa uchovu. Mwanawe Abdul-Malik akamkumbusha kwamba hana dhamana ya kuishi hata Adhuhuri, na dhulma za watu hazijarudishwa. Basi akainuka. Akaanza kwa mali yake mwenyewe, kisha ya jamaa zake, na mkewe Fatima akatoa vito vyake vikaingia Baitul-Mali. Usiku akikesha kwa kazi za raia, na akiisha hizo huizima taa ya Baitul-Mali, akawasha yake.

Haukupita muda, mwili ukadhihirisha uzito huo. Muhammad bin Ka'b, aliyemjua tangu Madina, alipomwendea alimkodolea macho kwa mshangao: rangi imegeuka, nywele zimepungua, mwili umekonda. Yule ambaye zamani shuka yake ilizama katika mikunjo ya tumbo, sasa mbavu zake zahesabika bila ya kuguswa. Naye hakuwa ametimiza miaka arubaini. Tena katika ukhalifa wake alifiwa na mwanawe huyo, na ndugu yake Sahl, na mtumishi wake Muzahim, nao ndio waliokuwa wasaidizi wake.

Matabibu wa zama hizi wameibainisha hali hii. Mtu akidumu katika hofu na mashaka, tezi zilizo juu ya mafigo humwaga katika damu homoni iitwayo kortisoli kupita kiasi. Usingizi hupungua, shindikizo la damu hupanda, misuli hudhoofu, kinga ya maradhi hupungua, na uzee hutangulia umri. Umar aliyazidisha hayo kwa kula kidogo na kukesha sana.

Alifariki Rajab 101 (720), huko Dair Sim'an katika Sham, baada ya ukhalifa wa miaka miwili na miezi mitano hivi. Wapokezi wengi wamesema alitiliwa sumu. Lakini kukonda kwake kulionekana kabla ya maradhi hayo. Imamu Shafi'i alimhesabu kuwa ni wa tano katika Makhalifa waongofu.

Basi mwenye kuutamani ukubwa na aupime kwanza. Na aliyekwisha kutwikwa na akumbuke kuwa mwili nao ni amana, una haki ya usingizi na chakula. Na wale wanaotumikiwa wasimwachie mtu mmoja mzigo wa wote.