Mekatilili alilinda kaya, tusimkumbuke kwa kofi pekee

Wakenya wengi wakiulizwa juu ya Mekatilili wa Menza hutaja kuku na kofi. Masimulizi ya Wagiriama yanaeleza kwamba, katika mkutano wa hadhara mwaka 1913, mwanamke huyu alimtaka ofisa wa Kiingereza, Arthur Champion, ajaribu kumnyang'anya kuku kifaranga kimoja, na kuku akamdonoa. Wengine huongeza kwamba bwana huyo alizabwa kofi. Ni masimulizi matamu, nao watoto wetu huyapenda. Hata hivyo, nionavyo mimi, yanatusahaulisha jambo kubwa zaidi katika maisha ya shujaa huyu, nalo ni ule msitu aliokwenda kusimama ndani yake alipotaka kuwaunganisha watu wake.

Niruhusu, msomaji, nianze na maneno, kwa kuwa hayo ndiyo kazi yangu. Alipozaliwa katika karne ya 19 aliitwa Mnyazi. Mekatilili ni jina la uzazi: kiambishi me- katika Kigiriama ni mama wa, naye alikuwa na mwana aliyeitwa Katilili. Neno kaya nalo huwahadaa wengi. Katika Kiswahili cha takwimu, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Kwa Wamijikenda ni maskani, na hasa ule mji wa kale uliozungukwa na msitu mnene, wenye njia chache na malango, uwanja wa baraza uitwao moro, makaburi ya wahenga, na fingo, yaani hirizi ya kuulinda mji iliyozikwa ardhini.

Wagiriama walipotawanyika kwenda kulima na kufuga, mji ulibakia mikononi mwa wazee, na msitu ukabakia na miiko yake. Miti haikatwi. Mifugo hailishwi humo. Mgeni haachi njia iliyowekwa. Avunjaye mwiko hutozwa faini ya kuku au mbuzi, ili kosa litakaswe. Kwa hakika huo ni utawala kamili, wenye sheria, mahakama na adhabu, ijapokuwa haukuandikwa popote.

Mwaka 1912 Champion alipelekwa kuwasimamia Wagiriama. Alidai kodi ya nyumba, akawataka vijana wakafanye kibarua katika mashamba ya walowezi, na akategemea machifu walioteuliwa na serikali mahali pa wazee. Mekatilili alikuwa mjane wa makamo asiye na cheo. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na umati ukamfuata hadi Kaya Fungo. Huko wanaume walikula kiapo cha fisi, na wanawake wakala kiapo chao cha mukushekushe, kwamba hakuna atakayelipa kodi, kutoa kijana wake wala kumtii chifu wa serikali.

Kwa nini kaya, wala si sokoni au njia panda? Kwa sababu neno lililotamkwa ndani ya kaya lilikuwa na uzito ambao neno la mahali pengine halikuwa nao. Nguvu ile ile iliyomzuia mtu kuutia shoka mti wa kaya ndiyo iliyomzuia kukiuka kiapo. Msitu ulilindwa na baraza, na baraza likapata heshima yake kutokana na msitu.

Waingereza walilitambua hilo. Mnamo Oktoba 1913 walimkamata Mekatilili pamoja na Wanje wa Mwadori Kola, wakawapeleka uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 wawili hao walitoroka, wakarudi Pwani kwa miguu. Mwezi Agosti mwaka huo serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Wagiriama wakaasi, vijiji vikachomwa, mifugo ikatwaliwa, faini nzito ikatozwa, na waliokuwa kaskazini mwa mto Sabaki wakaamriwa kuhama. Mekatilili alikamatwa tena na kuhamishwa. Aliporuhusiwa kurejea mwaka 1919, alikwenda kuishi katika kaya, akiongoza baraza la wanawake huku Wanje akiongoza la wanaume. Alifariki katika miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini.

Sitaki kumvika joho lisilo lake. Mekatilili hakuwa mwanamazingira wa siku hizi. Alipigania ardhi, vijana na uhuru wa watu wake. Lakini taasisi aliyoitetea ndiyo iliyotuhifadhia misitu. Wataalamu wa mimea wamekuta katika kaya mimea adimu ambayo pengine pote imefyekwa. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilizitangaza kaya nyingi kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi yake katika Turathi za Dunia. Waliozitunza karne zote hizo hawakuwa na bunduki wala seng'enge.

Wapo wanaosema kuwa kaya ni ushirikina usiopatana na Uislamu wala Ukristo. Nawajibu kwamba mtu anaweza kuheshimu sheria ya kutokata mti bila kuliabudu fingo. La kusikitisha zaidi ni kwamba Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya visingizio hivyo mara nyingi pana ugomvi wa ardhi. Wahenga walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Je, penye wazee wanaohofia mvi zao wenyewe? Nimefundisha vijana kutoka Pwani ambao mti wowote kwao ni mti tu. Jina la Kigiriama, na dawa iliyofichika katika jina hilo, havikuwafikia.

Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 2010 inatambua misitu na mahali patakatifu pa jamii kuwa ardhi ya jamii, nayo Sheria ya Ardhi ya Jamii ikafuata mwaka 2016. Basi mabaraza ya kaya yapewe hati, bajeti na ulinzi, na maarifa ya wazee yafundishwe shuleni wangali hai. Wauaji wao nao wafikishwe mahakamani bila kuchelewa.

Baruti ya mwaka 1914 iliibomoa kaya, lakini haikulivunja baraza, na ndiyo maana Kaya Fungo ingali msitu hadi leo. Siku hizi hakuna haja ya baruti. Tukiwaacha wazee wafe bila wa kuwasikiliza, shoka litaikamilisha kazi ambayo mkoloni aliishindwa.